Tiketi ya bei rahisi na begi lisilokuwemo: jinsi ada za ndege zinavyofanya kazi

Begi lilikuwa lile la miraba tunaloliita shangazi kaja, limefungwa kamba ya katani mara mbili. Ndani mlikuwa na unga wa mtama kilo tano, dagaa wa Mwanza, tangawizi, doti nne za kanga na chupa ya mafuta ya nazi iliyoviringishwa taulo. Mama mdogo alikuwa anakwenda Muscat kumhudumia bintiye aliyejifungua. Binti ndiye aliyemkatia tiketi mtandaoni, akachagua ya bei ya chini kabisa, akamtumia kwa WhatsApp.

"Mama, tiketi yako haina begi," akasema dada wa kaunta.

"Haina begi vipi, mwanangu? Begi si hili hapa?"

Yule dada alieleza kwa upole. Nauli ile ilikuwa na begi la mkononi la kilo 7 tu. Begi la chini, lile linalokabidhiwa kaunta na kusafiri tumboni mwa ndege, lingelipiwa palepale, na bei ya palepale ilizidi theluthi ya nauli yote aliyolipa binti. Foleni nyuma yetu ilikuwa ndefu. Tukapiga magoti sakafuni, tukafungua kamba, tukaanza kupunguza. Mama mdogo alisafiri na tangawizi, doti mbili na nguo zake. Mimi nilirudi nyumbani na dagaa na unga.

Tangu siku hiyo nimezisoma tiketi nyingi za ndugu na majirani kabla hawajasafiri, na haya ninayoyaandika ni yale ambayo ningetamani binti yule angekuwa nayo usiku ule, simu mkono mmoja na kichanga mkono wa pili. Hakufanya uzembe. Ukurasa aliokuwa anausoma umepangwa uonyeshe bei kwanza, na bei hiyo ibebe nini ni jambo la kulitafuta mwenyewe.

Nauli ilivyochanwa vipande

Kwa miaka mingi, aliyekata tiketi ya ndege alikuwa amekata kila kitu kwa mkupuo: kiti, begi la chini, begi la mkononi, chakula, na haki ya kuuliza kama kuna nafasi dirishani. Hakuna aliyejua begi lake lina thamani gani ndani ya nauli, kama vile usivyojua chumvi imechangia shilingi ngapi kwenye bei ya sahani ya chakula.

Mwaka 2006 mashirika ya nauli nafuu ya Ulaya, Flybe na Ryanair yakiwa mbele, yalianza kuling'oa begi la chini kutoka kwenye nauli na kuliuza peke yake. Mashirika makubwa yalikuwa bado yanatazama. Kisha ikaja 2008. Mafuta ghafi yalipanda mpaka pipa likafika dola 147 mwezi Julai, na miezi miwili kabla ya hapo American Airlines ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba begi la kwanza la chini litalipiwa dola 15. Wenzake walifuata. Kabla mwaka haujaisha bei ya mafuta ilikuwa imeporomoka chini ya dola 50 kwa pipa. Ada ya begi haikuporomoka nayo. Mwaka 2023 mashirika ya Marekani yalikusanya zaidi ya dola bilioni 7 kwa mabegi peke yake, na hata Southwest, lililojijengea jina kwa kubeba mabegi mawili bure, lilisalimu amri tarehe 28 Mei 2025.

Mafuta yalifungua mlango, lakini sababu mbili nyingine ndizo zilizoufanya usifungwe tena.

Ya kwanza ni kodi. Ndani ya Marekani, nauli ya ndege hutozwa kodi ya asilimia 7.5 inayokwenda serikali kuu. Ada ya huduma ya hiari kama begi haitozwi kodi hiyo. Dola iliyohama kutoka kwenye nauli kwenda kwenye ada inabaki nzima mikononi mwa shirika.

Ya pili ndiyo inayotugusa sisi moja kwa moja, nayo ni namna tunavyotafuta tiketi. Unaandika Dar es Salaam, unaandika Muscat, unaweka tarehe, na mtandao unakupangia safari kuanzia ya bei ndogo kwenda kubwa. Jicho linaishia mistari mitatu ya juu. Shirika linaloweka begi ndani ya nauli linasukumwa chini ya orodha na shirika lililolitoa, ingawa mwisho wa safari huenda la pili likawa ghali zaidi. Ukiwa mwenye shirika, na unaona wateja wanahama kwa tofauti ya dola kumi, utafanya nini? Utatoa begi, bei ishuke, upande juu ya orodha, kisha uliuze begi hatua ya pili. Wote wamefanya hivyo, kwa hiyo sasa yule asiyefanya ndiye anayeumia.

Kwetu mtindo huu ulianza kuonekana wazi Fastjet ilipoanza kuruka Tanzania Novemba 2012, ikitangaza nauli za kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi. Wengi walipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani kwa sababu ya nauli hizo, na hilo lilikuwa jambo jema la kweli. Kenya nako, Jambojet, kampuni tanzu ya Kenya Airways, ikaanza Aprili 2014 kwa falsafa hiyohiyo. Mashirika ya Ghuba yaliyozoeleka kwa ukarimu nayo yakafuata njia yao: Emirates ilianza mwaka 2016 kulipisha uchaguzi wa kiti mapema kwa tiketi zake za chini za daraja la kawaida. Leo ndani ya ikonomi moja, kwenye ndege moja, safu moja, watu watatu wanaweza kuwa na tiketi za aina tatu: mmoja hana begi la chini, wa katikati ana begi moja, wa dirishani ana mawili na anaweza kubadili tarehe bila kulipa. Chakula ni kilekile. Viti ni vilevile.

Kuisoma tiketi yenyewe

Ukipokea tiketi kwa barua pepe, usiishie kwenye jina na saa. Kuna sehemu mbili zinazostahili kusomwa taratibu.

Ya kwanza ni mstari wa mizigo. Kwenye tiketi nyingi umeandikwa kwa kifupi mbele ya kila kipande cha safari. 30K ni kilo 30. 1PC ni begi moja, 2PC ni mabegi mawili. 0PC au NIL ni kwamba huna begi la chini hata moja. Kwenye tiketi ya mama mdogo ilikuwepo hiyo NIL, herufi tatu katikati ya ukurasa, na sisi sote tulikuwa tumeipita kwa sababu tulikuwa tunatafuta saa ya kuondoka. Angalia mstari wa kwenda na wa kurudi pia, maana si lazima vifanane.

Sehemu ya pili ni mchanganuo wa bei. Utaona nauli, kisha mlolongo wa vifupisho vya herufi mbili mbili vyenye tarakimu. Baadhi ni pesa za serikali na viwanja kweli. Anayetoka Tanzania kwenda nje hulipishwa ada ya huduma ya kiwanja ya dola 40, na anayesafiri ndani shilingi 10,000. Safari za ndani zina VAT ya asilimia 18 juu yake. Hizi hazina mjadala na haziwezi kupunguzwa na wakala yeyote. Ndiyo sababu ile nauli ya 32,000 haikuwahi kumaanisha kwamba utatoa mfukoni 32,000.

Lakini katika safu hiyohiyo ya kodi utakuta mara nyingi YQ au YR. Hizo si kodi. Ni tozo ya shirika la ndege lenyewe, iliyoanza kama nyongeza ya mafuta na sasa ipo tu. Imekaa pamoja na kodi, imevaa nguo za kodi, na watu wengi huilipa wakiamini ni ya serikali. Tofauti ina uzito siku utakaposhindwa kusafiri. Tiketi isiyorudishiwa pesa mara nyingi bado hukurejeshea zile ada za kiwanja ambazo hukuzitumia, ukiomba, ingawa baadhi ya mashirika hukata gharama ya kushughulikia ombi. YQ kwa kawaida hubaki na shirika. Nimeona watu wanaacha dola 40 ziende kwa sababu tu waliambiwa "tiketi hii haina refandi" wakakubali neno zima bila kuuliza upande wa kodi.

Kilo na vipande

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia, na wanaumia bila kuelewa wameumiaje. Kuna mifumo miwili ya kuhesabu mizigo, nayo haifanani kabisa.

Mfumo wa kilo unasema: una kilo 30, zigawe upendavyo. Mabegi mawili ya kilo 15, au moja la 22 na jingine la 8, haina neno, mradi jumla isizidi 30. Ukizidi, unalipia kila kilo iliyozidi, na kilo moja ya ziada kwa safari ya masafa marefu si pesa ya mchezo.

Mfumo wa vipande unasema: una mabegi mawili, kila moja lisizidi kilo 23. Hapa jumla haina maana yoyote. Chukua baba anayekwenda Marekani na mabegi mawili, moja kilo 28 na jingine kilo 15. Jumla ni 43, na ruhusa yake ukiijumlisha ni 46. Kwa akili ya kawaida yuko ndani. Kwa mfumo wa vipande begi moja limezidi, na atalipia begi zito. Kuhamisha kilo tano kutoka hapa kwenda pale kungemaliza tatizo, ndiyo maana unaona watu wamefungua masanduku mbele ya mizani, soksi nje. Na juu ya kilo 32 begi halipokelewi kabisa kama mzigo wa kawaida, hata ukiwa na pesa, kwa sababu kuna mtu anayelinyanyua kwa mikono kule chini na mgongo wake una mpaka.

Katika mfumo huu wa vipande, ukiwa na vitu vingi, begi la tatu lililolipiwa mapema mara nyingi ni nafuu kuliko kuyashindilia yale mawili mpaka yazidi uzito. Ada ya begi la ziada ni moja, iwe kilo 10 au kilo 23. Anayekwenda kusoma na anahama na maisha yake yote afanye hesabu hiyo kabla ya kununua sanduku kubwa kuliko yote Kariakoo. Sanduku lenyewe likiwa tupu huwa na kilo tatu, nne, hata tano. Shangazi kaja halifiki hata kilo moja, na kwa upande huo bibi zetu walijua walichokuwa wanafanya, ila lina udhaifu wa zipu. Lizungushie utepe au kamba.

Mke na mume waliokatiwa tiketi pamoja kwenye mfumo wa kilo mara nyingi huruhusiwa kujumlisha kilo zao. Kwenye vipande, idadi ya mabegi inaweza kuhesabiwa pamoja, lakini mpaka wa kilo 23 unabaki juu ya kila begi. Kwa wanaotoka Umra na Hija, mashirika mengi yanayoondoka Jeddah hubeba galoni la lita 5 la Zamzam bila malipo, likiwa kwenye boksi lake rasmi. Ukilitia ndani ya sanduku linageuka kilo tano zako mwenyewe, na huenda hata likatolewa.

Bei hupanda kadiri unavyoukaribia mlango

Kama kuna jambo moja la kukumbuka katika makala haya yote, ni hili. Begi lilelile, ndege ileile, siku ileile, lina bei tofauti kulingana na mahali unapolilipia. Bei ndogo ni unapokata tiketi. Inapanda ukiliongeza baadaye kwenye tovuti au programu ya simu. Inapanda zaidi kwenye kaunta. Ya juu kabisa ni mlangoni, pale unapokuwa umeshapita ukaguzi, ndege imefunguliwa, na huna tena njia ya kurudi nyuma wala mtu wa kumpa vitu arudi navyo nyumbani.

Mpangilio huo si wa bahati mbaya. Shirika linapata faida ya kweli likijua mapema litabeba mizigo kiasi gani, na kaunta yenye mabishano huchelewesha ndege. Hilo nalikubali. Lakini lipo pia jingine: mtu aliye mlangoni hawezi kukataa. Kamati ndogo ya Seneti ya Marekani iliyochunguza ada hizi ilitoa ripoti Novemba 2024, ikaonyesha kwamba mashirika mawili ya nauli nafuu ya huko, Frontier na Spirit, yalilipa jumla ya dola milioni 26 mwaka 2022 na 2023 kwa wafanyakazi wa milangoni na wengine kama motisha ya kuwakamata abiria wenye mabegi yaliyozidi kipimo. Unapojua kwamba anayekupimia begi ana fungu lake ndani yake, unaelewa kwa nini sentimita mbili zilizokubaliwa safari iliyopita zimekataliwa safari hii.

Kwa hiyo namna ya kulinganisha bei ni kuijaza safari mpaka mwisho kabla ya kulipa. Tuseme tiketi moja inasomeka dola 400 na nyingine 450. Ya kwanza haina begi. Begi kwenda na kurudi ni dola 45 kila upande. Sasa ni 490. Ya pili ina kilo 30 ndani yake. Ile iliyokuwa juu ya orodha ndiyo sasa ghali zaidi. Namba hizi ni za mfano tu, lakini hesabu yake nimeifanya kwa tiketi halisi mara nyingi, na mara nyingi ile ya bei ndogo ndiyo iliyoshindwa. Siyo mara zote. Kijana anayekwenda Nairobi kwa usaili wa kazi siku mbili, na suti yake kwenye begi la mgongoni, hana sababu ya kumlipia mtu mwingine begi. Tiketi tupu ndiyo haki yake.

Begi la mkononi na kiti

Kuhusu begi la mkononi, Ulaya kumekuwa na vuta nikuvute ya kisheria. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema mwaka 2014, katika kesi iliyohusu shirika la Vueling, kwamba begi la chini linaweza kulipishwa kando, lakini begi la mkononi ni sehemu ya lazima ya safari na halipaswi kuongezewa bei, mradi liwe na uzito na ukubwa wa kiasi. Mashirika yakaegemea neno hilo, kiasi, yakasema kiasi ni kile kinachoingia chini ya kiti cha mbele. Novemba 2024 wizara ya ulinzi wa walaji ya Hispania ikayapiga faini mashirika matano ya nauli nafuu, jumla yuro milioni 179, kwa ada hizo na nyinginezo, nayo yakapinga. Kwa ndugu zetu wanaoishi kule na kuruka na mashirika hayo, ushauri wa leo unabaki uleule: pima begi pamoja na magurudumu na mshikio, maana kile kisanduku cha chuma mlangoni hakipimi kitambaa peke yake.

Kwetu kuna sababu ya pili ya mpaka wa kilo 7, nayo ni ndege zenyewe. ATR za Precision Air na Q400 za Air Tanzania na Jambojet, ndege ndogo za pangaboi, zina makabati madogo ya juu. Sanduku la magurudumu linaloingia bila shida kwenye Boeing halifungiki humo. Na ukienda Serengeti au Mafia kwa Cessna Caravan, utaambiwa kilo 15 kwa jumla, begi laini. Pale mizani haikuibii. Ndege ile hupimwa kweli, mtu na mzigo wake, na rubani anahitaji namba sahihi ili iruke salama.

Kiti ni habari tofauti. Unapofika kwenye ramani ya viti wakati wa kukata tiketi, ukurasa unakaa kana kwamba huwezi kuendelea bila kuchagua. Unaweza. Tafuta neno dogo la kuruka hatua hiyo, kwa kawaida liko pembeni na halina rangi. Nauli uliyolipa ni ya kiti. Watakupa kiti bila malipo wakati wa kuchekini, na kwa mashirika mengi dirisha hilo hufunguka saa 24 hadi 48 kabla ya kuondoka. Unacholipia kwenye ramani ni kuchagua, basi. Ripoti ileile ya Seneti ilihesabu kwamba mashirika matano ya Marekani yalikusanya dola bilioni 12.4 kwa ada za viti kati ya 2018 na 2023. Wapo ambao kulipia kuna maana kwao: mwenye miguu mirefu kwenye safari ya saa kumi, mjamzito anayehitaji kuwa karibu na msalani, mzazi mwenye watoto wawili ambaye hataki kutegemea huruma ya abiria wengine. Wengine wote wakae macho saa dirisha la kuchekini linapofunguka.

Na chekini yenyewe ifanye kwa simu au kompyuta. Kwa baadhi ya mashirika ya nauli nafuu ya Ulaya, kusahau hatua hiyo na kuifanyia kaunta kunalipiwa, na Ryanair hutoza hadi yuro 55 kwa mtu. Familia ya watu wanne inaweza kulipia kusahau huko zaidi kuliko ilivyolipia tiketi.

Jina, tarehe na tiketi mbili zisizojuana

Majina yetu yana mtego wake. Mohamed, Mohammed, Muhammad. Mwanaisha kwenye tiketi, Mwana Isha kwenye pasi. Wakala ameandika majina mawili, pasi ina matatu. Kosa la herufi moja mbili mashirika mengi hulirekebisha bila shida ukiwahi, lakini kubadili jina zima hutozwa, na kwa tiketi nyingi hakuruhusiwi kabisa. Mtumie anayekukatia picha ya pasi, usimwambie jina kwa simu.

Tarehe: tiketi za chini kabisa ama hazibadilishwi ama hubadilishwa kwa ada pamoja na tofauti ya nauli ya siku hiyo, na hiyo tofauti ndiyo hula zaidi. Kutotokea bila taarifa ni kubaya kuliko kubadili. Ukikosa kipande cha kwanza cha tiketi, vipande vilivyobaki kwa kawaida hufutwa vyote, pamoja na safari ya kurudi. Niliwahi kuona mtu aliyepanda basi kutoka Arusha kuja Dar kwa sababu alikuwa na shughuli Chalinze, akaacha kipande cha ndege cha Kilimanjaro, akidhani anawasaidia kwa kuwaachia kiti. Safari yake ya ng'ambo ilikuwa imeshafutika.

Halafu kuna mtu wa Mwanza aliyekata tiketi mbili tofauti, moja Mwanza hadi Dar, nyingine Dar hadi Dubai, kwa kuwa zikijumlishwa zilikuwa nafuu. Tiketi hizo hazijuani. Ya kimataifa inampa kilo 30, ya ndani inampa pungufu, na atalipia tofauti Mwanza kabla hata hajaanza safari. Akichelewa Dar, shirika la pili halina wajibu wa kumsubiri. Ikiwa ni tiketi moja iliyounganishwa, kwa kawaida kanuni moja ya mizigo hutawala safari nzima, na begi hupelekwa mpaka mwisho. Tofauti ya bei kati ya njia hizo mbili uiangalie ukiwa na mambo hayo mezani.

Ukishalipia begi, unastahili nini

Ada ya begi ni ya kubeba. Wajibu wa kulifikisha begi salama upo hata kama hukulipia senti, na umeandikwa kwenye Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania na Kenya ni wanachama wake. Kwa safari za kimataifa zinazoangukia chini ya mkataba huo, shirika huwajibika kwa begi lililopotea, kuharibika au kuchelewa, mpaka kiwango ambacho tangu mwisho wa 2024 ni SDR 1,519 kwa abiria. SDR ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa, na kiasi hicho ni karibu dola elfu mbili. Ni ukomo wa juu, siyo malipo ya moja kwa moja. Utatakiwa kuonyesha ulichopoteza. Mwenye kitu cha thamani kuliko hapo anaweza kutoa tamko maalumu wakati wa kukabidhi begi na kulipia nyongeza, ingawa dhahabu ya bibi harusi mimi ningeibeba mkononi.

Mkataba una tarehe, na tarehe hizo hazisubiri. Begi lililoharibika, lalamika kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipokee. Lililochelewa, ndani ya siku 21 tangu siku ulipokabidhiwa. Kabla hujatoka kwenye ukumbi wa mizigo nenda dawati la mizigo iliyopotea, wakujazie fomu, upewe namba. Anayetoka nje akisema atapiga simu kesho amejifungia mlango nusu. Kwa safari za kwenda na kutoka Marekani, kanuni iliyopitishwa huko mwaka 2024 inataka ada ya begi irudishwe pale begi linapochelewa kupita saa zilizowekwa, 15 au 30 kutegemea urefu wa safari. Kwa Tanzania, shirika likikuzungusha, lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, TCAA-CCC, ambalo kazi yake ni kupokea malalamiko kama hayo, na linataka kuona kwamba ulianza kwa shirika lenyewe.

Vyote hivyo vinaanzia kwenye kile kikaratasi chenye mistari myeusi na namba kumi ambacho dada wa kaunta hukibandika nyuma ya bodingi pasi yako. Namba hiyo ndiyo iliyofungwa kwenye mshikio wa begi. Mama mdogo aliporudi kutoka Muscat, safari hiyo akiwa na kilo 30 zilizolipiwa tangu siku ya kukata tiketi, begi lake lilifika siku mbili baada yake. Kikaratasi alikuwa amekitia ndani ya mkoba wa kanga, kimekunjwa mara nne. Walikikunjua, wakasoma namba, wakalipata.